Musumari ya Juu ya Mulango

Kitshanga, 3/2
Emérita mutoto yangu,
Jambo. Kwa hospitali ya Kashebere munaamuka aje? Kikohozi yako? Miye niko muzima, ni bega tu, ya kuume. Unajua tukipasua mbao na Straton, miye njo wa chini ya gogo, mikono juu siku nzima. Musumeno ilikwama, nikaivuta na hasira. Muunga mifupa anasema hakuna kuvunjika, nifunge mukono. Nimeifunga na kitenge ya marehemu mama yako. Sifungue mpaka maumivu iishe.
Papa yako

Kashebere, 20/2
Papa,
Jambo sana. Unakula? Nani anakuchotea maji? Fungua ile kitenge. Bega iko na mufuko inazunguka mifupa kwa ndani. Chini, upande wa kwapa, iko na mikunjo. Ukiinua mukono, mikunjo inafunguka. Mukono ikikaa bila kutembea, inashikana. Shati ikibana kwa kwapa, utainua mukono? Kanda na maji ya moto, halafu vidole ipande ukuta pole pole, kama mududu. Kila siku.
Mutoto yako, Emérita

Kitshanga, 28/4
Emérita,
Jambo. Njia ilifungwa, motard wa kubeba barua na pikipiki hakupita. Sikufungua. Nilisema, huyu mutoto ananifundisha shati. Sasa maumivu imepunguka, nimefungua, mukono haipande. Hata kofia siweze kuvaa nayo. Straton anacheka: "Mukono moja? Enda upasue mukate." Amekamata kijana moja, Trésor, kwa nafasi yangu. Akimuzoea, kazi yangu imekwisha. Ile mufuko ikishikana, inaachana?
Papa yako

Kashebere, 9/5
Papa,
Jambo. Kikohozi ilipona. Inaachana, lakini ni myezi mingi. Mutu asikuvute kwa nguvu, hata yule muunga mifupa. Weka alama ya makala kwa ukuta, pale vidole inafika. Na kitenge, Papa: bega njo ilikuwa inaitaka, ao ni weye? Haina makosa. Lakini mama alikuwa anaitundika kwa musumari ya juu ya mulango. Uirudishe pale.
Mutoto yako

Kitshanga, 16/11
Emérita,
Jambo. Habari ya wagonjwa? Nimekawia. Sikutaka kuandika na mikono mitupu. Ukuta imekuwa nyeusi na makala, mama yako angenigombeza. Straton alinikuta pale napandisha vidole, akauliza kama nimepoteza mulango. Jumatatu alinirudisha chini ya gogo. Trésor alilia macho, vumbi ya mbao ilimushinda. Miye nimeizoea.
Kitenge iko kwa musumari. Sikupanda kiti. Mukono ya kuume njo iliitundika.
Papa yako