Mkaja kwa Simu

Jumanne usiku, Etterbeek

Na viza nilikuwa nayo, tiketi nimeshalipa. Kisha Rais wa Marekani akatia saini amri moja tu, pasipoti za nchi yetu zisiingie. Mjukuu wangu kazaliwa huko juzi, mimi niko hapa Ulaya.

Jaji wao alipotaka kuona karatasi zenye sababu za amri hiyo, alijibiwa hizo ni siri za Rais. Mimi nikimnyima mkaguzi wa kodi risiti zangu, saluni yangu inafungwa wiki hiyohiyo.

Nilimsimulia Maman Chantal, mteja wangu Mkongo, huku namsuka. Akacheka: "Bon, kumbe na kwabo muntu moya tu anafunga mulango! Alors, banatucheka sisi ya nini?" Nikacheka naye. Sikuwa na raha.

Jioni mwanangu Hamisi alipiga simu ya video. Mkewe hana mama. Mimi ndiye niliyekuwa wa kumfunga mkaja. Basi nikamwelekeza yeye, mwanamume, jinsi ya kumbana mzazi tumbo kwa kanga. Akafunga legelege.

"Kaza, baba. Bibi ni wewe sasa."

Akakaza. Mkewe akageukia ukutani, analia. Ningekuwepo ningemgeuza, nijue ni maumivu au ni aibu.