Sabuni ya Mama Mwamvua

Jumanne

Na lile boksi la sabuni ndilo nililotaka tuliache Ilagala. Nilimwambia Mama Mwamvua, mteja wangu, kwamba pikapu yangu imezeeka, springi za nyuma zimechoka, na dagaa wake peke yao ni mzigo tosha. Akapanda mbele na boksi lake, akalipakata.

Njiani nikasikia harufu ya dizeli. Kuchungulia chini, jiwe limetoboa tangi, dizeli inachuruzika, na wingu zito limesimama juu ya ziwa. Dagaa wakavu wakilowa ni hasara. Nikaanza kulilaani gari, barabara na aliyeniuzia.

Mama Mwamvua akashuka. "Ukimaliza kutukana, mwanangu, nipe kisu."

Akakata kipande cha sabuni yake ya mawese, akakikanda kikalainika kama tonge la ugali, akalala chali vumbini na kanga zake, akakishindilia kwenye tundu kwa kidole gumba. Dizeli ikakata. Sabuni haiyeyuki kwenye dizeli, akanieleza. Marehemu mumewe alikuwa na lori bovu kuliko gari langu, na aliyeingia uvunguni ni yeye, maana mume alikuwa na kitambi.

Tumefika Ujiji kabla ya mvua. Nimepapasa chini ya tangi, pakavu. Kesho fundi alichomelee. Hizo springi sasa, sijui...

Asubuhi nilimpa shikamoo kwa ajili ya umri wake tu. Alipokuwa anashuka nikampa nyingine, naye akaitikia marahaba bila kuuliza kwa nini.