404 Juu ya Matofali

Jumatano, 2 Aprili 1997

Frein, breki ya motokari, imekufa. Nilikuwa natoka Ruashi na sukari nyuma, nikakanyaga — mguu ukaenda mpaka chini, bure. Nilisimamisha ile motokari yetu, 404, kwa kuigonga kwa kichuguu. Mungu iko.

Ingekuwa kwa barrière, pale banafunga njia! Pale muntu asiposimama, basoda ba serikali banapiga risasi, habaulize. Na ndiyo njia yenye ninapaswa kupita na batoto. Onésime, bwana yangu, alienda Zambia kutafuta bintu bya kuuza mu magazini yetu, sasa iko Kasumbalesa, kwa mupaka, anatungojea. Alituma neno: mukuye mbele vita ifike Lubumbashi. Lakini miye ni muntu wa Butembo. Nikifungua kinywa tu banasikia Kivu, na leo bantu ba Kivu banaitwa ndugu ya barebelle, bale bametokea kule na vita. Kwa barrière ni kusimama muzuri, kusema kidogo, kupita.

Tumeivuta na kamba mpaka komine Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwa fundi Casimir. Muntu wa maneno kidogo. Sibapendi bale.

Alhamisi, 3 Aprili

Alitoa mapira yote ine, akaiweka motokari juu ya matofali. Yote ine, na zenye kuugua ni frein za mbele tu. Akanionyesha garniture, ile bipande byenye kukamata gurudumu ikwame. Zimekwisha, imebaki chuma.

Magazini zimefunga, akasema. Atakata garniture ya kamio, ya lori, apige riveti juu ya hizi zangu. Namuuliza, siku ngapi? "Tutaona, Mama Séphora."

Tutaona. Nani anasema tutaona mu wiki sawa hii?

Ijumaa, 4 Aprili

Garniture ziko tayari, niliona na macho yangu. Basi uziweke! Hapana. Kwanza anasugua tambour, ile ngoma ya chuma ya gurudumu. Halafu mafuta ya frein haipatikane. Halafu iko na njaa.

Nilienda kutafuta mboga, kurudi namukuta na soda moja mwenye bunduki, banavuta sigara moja, zamu kwa zamu. Sigara moja, sawa bantu ba tumbo moja. Soda anazunguka 404 yangu, anapiga matofali teke. Baliniona, bakanyamaza.

Kikulacho iko mu nguo yako. Mama yangu alikuwa anasema vile, na hakukosa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefanya. Casimir aliingia kunawa mikono, nikatia garniture mu kitunga, chini ya mboga ya lengalenga, nikatoka pole pole. Sasa ziko ndani ya gunia ya maharagi. Aende sasa kuuzia basoda motokari yenye haisimame.

Séphora aliniona nikizificha. Nilimuambia: hukuona kitu. Akasema ndiyo mama. Mutoto wa myaka munane, namufundisha kusema uongo.

Jumapili, 6 Aprili

Kutoka misa nilipita kwa Casimir. Anagonga nyundo kwa gurudumu — gurudumu yenye haina kitu ndani! Haniulize garniture ziko wapi. Anagonga tu, bantu ba njia basikie. Muntu akiibiwa analia. Huyu juu ya nini halie?

Wivine, bibi yake wa ndoa, alinipa kiti na maji. Sikunywa.

Nikitoka, Casimir akanifuata mpaka kwa lupango, ua ya nyumba yake, akasema na sauti ya chini: "Mama, leo motokari yenye iko juu ya mapira haina mwenyewe. Miye balinifukuza Likasi juu ya kabila yangu, bakachukua byote, najua namna bintu binapotea." Maneno ya kunilalisha.

Lakini nimefika huku kwetu Bel-Air, namukuta jirani yetu Désiré ameketi chini kwa mulango. Basoda bamechukua taksi yake. Ilikuwa nzima, mafuta ndani.

Na ile sigara? Sielewi tena.

Jumatatu, 7 Aprili

Bamefika kwetu leo asubui. Basoda batatu, Casimir katikati, jicho moja imefunga. Yule wa sigara alikuwa mbele. Banataka 404, nabo banatafuta kukimbia. Bameikuta bila garniture.

Mukubwa wao akaniuliza, ziko wapi. Ningesema nini, na hii sauti ya Butembo?

Casimir akasema: "Niliziuza. Huyu mama nilimuibia, hajui kitu." Na akaniangalia. Alijua. Alijua tangu Jumamosi. Jina ya mwizi, ile nilikuwa namuita mu moyo wiki muzima, amejipa yeye mwenyewe mbele ya batoto yangu.

Bakamupiga pale pale kwa lupango yetu. Séphora akaanza kuangalia ndani ya nyumba, kwenye gunia ya maharagi. Nikamuvuta kichwa ndani ya kitenge yangu.

Bamemurudisha kwa garage. Mukubwa alisema: garniture zipatikane mbele ya saa kumi, ao banamupeleka kwa camp yabo. Tunajua bote, kule muntu harudi.

Nimemwaga maharagi. Garniture ziko hapa kwa meza, pembeni ya hii kaye ninamoandika. Riveti zimepangwa muzuri, zimesuguliwa moja moja. Muntu hasugue vile kitu ya kuiba. Nikizipeleka, basoda banaenda na 404, na sisi tunabaki hapa na kinywa yetu ya Butembo, Onésime anangojea bure. Nisipozipeleka — siandike.

Hodi. Ni sauti ya Wivine. Amekuja kuniomba, ao Casimir alimuambia ziko kwangu? Hata sasa ninauliza vile. Nina haya.

Kitenge iko kwa kiti, ningefunika garniture nayo. Ninaiacha pale. Séphora amekwisha kufungua mulango.