Sufuria ya Uani

Kot Sarwan,
Punjab.

Kwa dada yangu Kulwant,

Sat Sri Akal, dada. Shemeji na wanao hawajambo? Goti la baba je, baridi hii imelionea huruma? Sisi huku tunapumua, na kwa mwezi huu kupumua si jambo dogo.

Uliniomba nikuandikie jinsi wanaume wa hapa wanavyopika kuku wao wa viungo, maana mumeo hajaacha kumsifu tangu mlipotutembelea. Ni rahisi, dada. Mkatekate jogoo, mpake mtindi, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, umwache alale humo. Chemsha mafuta ya haradali hadi yatoe moshi, kaanga vitunguu vigeuke rangi, tia manjano, pilipili na nyanya, kisha kuku, ufunike. Maji yake mwenyewe yatamwivisha. Kazi ni kuishi na mpishi.

Unaikumbuka sheria ya nyumba hii: nyama haivuki kizingiti cha jiko. Mama mkwe alikula kiapo hekaluni kabla hajaolewa, na tangu hapo hajaonja nyama wala kuigusa sufuria inayopikiwa nyama. Inakaa uani, kando ya zizi, na meko yake. Wanaume hupika na kunywa. Mimi husaga viungo na kupigwa.

Jumapili mume wangu Balkar alimchinja jogoo kwa hasira hata kichwa kikarukia ndoo ya maziwa. Alikuwa amekwisha kulewa. Akaonja mchuzi, akasema viungo vyangu vina mchanga, akanipiga mdomoni kwa mwiko wa chuma. Jino la mbele likatoka, lile ulilokuwa ukilionea wivu. Mdogo wake Dalip, aliyejinyoosha kwenye kitanda cha kamba, akacheka: "Kaka, mwongeze! Huyo bado anasimama!" Balkar akanishika kisogo, akaniinamisha juu ya sufuria hadi mvuke ukanichubua shavu. Mama mkwe alikuwa mlangoni akimenya njegere. Akaendelea kumenya.

Dalip akaenda ndani kuleta chupa nyingine. Aliporudi, alimkuta kaka yake akigaagaa mavumbini, mchuzi wote shingoni na mgongoni, ngozi ikimvuka pamoja na shati. Majirani walikuja mbio, wengine wakampakia kwenye trekta kumpeleka hospitali.

Dalip hakwenda naye. Alinikamata msuko, akaniburuta hadi kwenye dumu la mafuta ya taa, akanimwagia kichwani huku akipiga kelele kwamba aliyechoma naye atachomwa. Kisha akachomoa kijinga cha moto mekoni. Majirani walisimama tu wakitazama, dada. Niliwajua wote kwa majina.

Ndipo mama mkwe akasema kwamba ni yeye aliyeimwaga sufuria ile.

"Wewe, mama?" Dalip akamcheka. "Wewe unayeziba pua hata upepo ukitoka uani? Hebu nipishe!"

Kikongwe yule akainama, akaokota paja la kuku pale chini, akalitafuna mbele yetu sote, mchanga na vyote, mafuta yakimtiririka kidevuni. Akalimaliza. Akautupa mfupa miguuni pa mwanawe na kumwambia haya, amchome mama yake. Dalip akadondosha kijinga. Polisi nao walipoambiwa ni mama mzazi, walikunywa chai wakaenda zao.

Barua hii ichome ukishaisoma. Ni mimi, dada. Balkar aliponipa mgongo niliinyanyua sufuria kwa mikono mitupu, na haya malengelenge ndiyo yanayouharibu mwandiko wangu. Mama mkwe aliniona. Simjutii Balkar hata kidogo, ila kila nikikumbuka kiapo chake mama yule, nalia. Alipomaliza kutapika nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, baba yake Balkar naye alikuwa na mwiko. Ujana wangu wote niliitazama sufuria ile, nikaogopa kiapo."

Balkar anarudi Alhamisi. Mama mkwe ameivusha kizingiti sufuria ile kwa mikono yake, sasa inakaa jikoni, upande wake. Anasema tutampikia sisi wawili, na yeye ajifunze kutotugeuzia mgongo.

Nisalimie baba, uwabusu watoto. Garam masala utie mwisho, ukishaepua.

Mdogo wako akupendaye,
Nirmal