Jina la Mpangaji wa Nyumba Namba Tisa

4 Februari

Delvine mjukuu wangu,

U mzima? Mimi nipo, goti tu linanitesa. Kitukuu changu Kayleen karudi hospitali. Homa ile ya viungo imegusa moyo. Ikimrudia tena, watampasua kifua.

Eti ofisi yenu ya afya huko mjini Darwin inawafundisha manesi wasitudharau sisi wenyeji wa asili. Nesi wetu Fiona hatudharau! Anasema, "Mama, muogeshe kila siku, homa inaanzia kwenye vidonda vya ngozi." Nimuogeshe kwa mate? Bomba limekufa tangu Julai. Watu kumi na wanne tunateka shuleni kwa ndoo. Na wewe unakunywa chai tu?

Bibi yako, Noreen

11 Februari

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Nimewauliza watu wa ofisi ya nyumba. Wanasema hakuna aliyewahi kuripoti bomba hilo. Watu kumi na wanne, hakuna mwenye simu?

Mjukuu wako, Delvine

19 Februari

Delvine,

Marahaba. Salamu nimezipata, na matusi yake.

Nimepiga mara tano! Kijana wa watu, mpole kabisa, ananiuliza, "Mama, taja jina la mpangaji." Mpangaji kwenye karatasi zao ni babu yako. Hajatimiza mwaka ardhini. Nyumba tumeifukiza moshi wa kumuaga, tumerudi, lakini jina la marehemu bado halitajwi. Nilitaje kwenye simu, nimwite arudi? Nikakata. Mama yako kapiga, kakata. Mjini umesahau hata hilo?

Wa nyumba namba saba nao ni hivyo hivyo. Hayo mafunzo ya adabu, ipelekeeni hiyo karatasi yao, si manesi.

Bibi yako

23 Mei

Shikamoo Bibi,

Kayleen anaendeleaje? Nisamehe kukaa kimya, na nisamehe lile swali la simu. Tumepekua orodha ya simu ya ofisi ya nyumba: nyumba ishirini na sita zilikosa fundi kwa sababu ya jina. Tumegombana na ofisi hiyo miezi mitatu. Sasa wanauliza namba ya nyumba tu. Piga.

Delvine wako

6 Juni

Delvine,

Goti lile lile. Nikapiga, nikasema, "Tisa." Kijana akasema, "Asante, mama." Basi! Mwaka mzima kwa neno moja.

Fundi kaja Jumanne, kala katumalizia mkia wetu wa kangaruu, lakini maji yanatoka. Kayleen kaoga mpaka vidole vimekunjamana. Sindano anachomwa kila mwezi, na Fiona anasema moyo umetulia. Wa namba saba nimewapigia mwenyewe, waoga wale wa simu.

Usijivune. Njoo, ulete sabuni. Si ile ya maua, babu yako hakuipenda.

Bibi yako