Malkieli, na Baada Yake Zibia

Dada yangu mpenzi Naara,

Amani iwe kwako, kwa shemeji na kwa watoto huko Beer-sheba. Mgongo umepona? Sisi tu wazima, mvua imenyesha na mbuzi wamezaa mapacha. Mimi ndiye mzima kuwapita wote, kwa kuwa nimeolewa! Na Hori, yule Mmisri mtumishi wa baba. Usidondoshe mtungi.

Dada, yale macho yake! Asubuhi huniamsha kwa tini na jibini, kisha hunichorea herufi mchangani mpaka nizishike. Barua hii nimeiandika mwenyewe. Akipita tu mlangoni, nasahau neno nililotaka kuandika.

Unakumbuka baba mdogo Oreni alivyokuwa akimsimanga baba kwa kukosa mwana wa kiume? "Kaka, wewe palilia mizabibu, wanangu watakuja kuvuna." Basi mwaka huu baba akatangaza kwamba amemwachia Hori huru na kunioza kwake, na watoto wetu watahesabiwa wa nyumba ya Malkieli. Oreni alicheka hadi divai ikampalia. Akasema Mmisri hatajwi katika ukoo wetu wa Yerameeli hata akitahiriwa mara mbili.

Juzi, sikukuu ya kukata manyoya ya kondoo, mzee Zabadi akasimama kutaja majina ya ukoo, baba kwa mwana, tangu Yuda. Kila aliye hai, akisikia lake, huitika, "Nipo!" Alipomtaja baba, mzee akanyamaza. Akituruka, nyumba yetu imefutika na shamba ni la Oreni.

Oreni akadakia, "Mzee, songa mbele, hapo hamna mtu."

"Tulia wewe, nameza mate," Zabadi akamjibu. Akasema Hori kweli si wa damu yetu, lakini binti ni wa damu, na jina la baba litapita kwake. Kisha akapaza sauti: Malkieli, na baada yake Zibia!

Jina langu, dada! Katikati ya madevu yote yale! Hori akanifinya niitike, nikapiga ukelele, "Nipo!" Kondoo wakatawanyika.

Sasa sogea, na hili usimsomee shemeji. Baba anatembea kifua mbele, akisema wazo la ndoa hii lilimshukia akiwa kisimani. Halikumshukia. Tulilipanga mimi na mama. Mama alikuwa akilidokeza kidogo kidogo kila akimpakulia dengu. Baba alipotangaza, nililia kutwa nzima kwamba siolewi na mtumishi, ili Oreni asinuse kitu. Maskini baba akanibembeleza kwa bangili! Nami nampenda Hori tangu nilipomwona akimwimbia punda mgonjwa.

Mama anakusalimu sana, na baba pia. Wabusu watoto. Ukija, usiropoke mbele ya Hori, maana hata yeye hajui. Anadhani nililia kweli, na kila jioni ananibembeleza ili nimzoee. Namwambia ajitahidi, bado kidogo.

Mdogo wako akupendaye,
Zibia binti Malkieli, mke wa Hori