Kanga Yako Niliyoifua

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini mdomo umezoea.

Tangu utuache, nyumbani tumebaki mimi na dada Zuhura. Nguo zako tulizitoa sadaka, tukabakisha kanga moja, ile uliyokuwa ukiifukiza udi kila Alhamisi. Dada aliiweka sandukuni bila kuifua. Mimi nikaiona ina doa la chai, nikaifua kwa sabuni ya unga, nikaipiga na pasi. Mama, nilidhani natenda wema.

Dada alipoichukua aliiweka usoni, akainusa, kisha akasema, "Umemfua mama." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikujua kama harufu yako ilikuwamo. Mwaka mzima pua yangu hainusi kitu, na kusema naona haya. Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania, "Mwanangu, unakoroma kama mashine ya kukoboa"? Tukacheka, tukasema ni mafua tu.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka hospitali. Daktari alinimulika, akaona vinyama laini vimeota ndani ya pua, pande zote mbili. Alisema si saratani. Ni uvimbe wa ndani uliokaa muda mrefu bila kutibiwa. Amenipa dawa ya kupuliza puani kila siku na maji ya chumvi ya kusafishia. Isiposaidia vya kutosha, watavitoa kwa upasuaji kupitia matundu ya pua, na hata hapo vinaweza kuota tena, kwa hiyo dawa siachi. Na mimi muda wote huo nilikuwa najifukiza mwarobaini na kulaumu feni!

Juzi nikasikia harufu ya kitunguu kinaungua. Niliacha sufuria jikoni, nikaikimbilia kanga. Sabuni, mama. Sabuni tupu. Nililia, nikaona aibu upya.

Dada akaingia chumbani kwake, akatoka na ushungi wako umefungwa ndani ya mfuko. Kumbe aliuficha, nisije nikaufua nao. Sikuweza kumtazama usoni. Nikanusa. Udi niliupata kwa mbali. Wewe bado. Tundu la kushoto limeziba.

Basi kwaheri, mama, Mola akupe mapumziko mema. Kisu nakiogopa, lakini nakuahidi, wakiniita nitakwenda. Ushungi anao dada. Tumeufunga tena harakaharaka, usije ukaniishia kabla pua yangu haijafunguka.

Mwanao,
Saumu